Makosa Ambayo Franklin Hakuyaorodhesha

Mwaka jana nilikuwa nikimsaidia binamu yangu wa kidato cha tatu na fizikia. Si kwamba naijua sana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nikisomea sayansi. Lakini katika familia yetu ukishaonekana na vitabu vingi, basi wewe ndiye mwalimu wa kila kitu. Tukafika kwenye mkondo wa umeme. Kitabu kimechora mshale ukitoka upande chanya wa betri kuelekea upande hasi. Halafu chini yake, kwa maandishi madogo, kinasema kwamba elektroni zenyewe huenda kinyume na mshale huo.

Akaniangalia. "Sasa cuzo, kama wanajua mshale uko vibaya, si wangeugeuza tu?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, na mwisho wa kutafuta nikamkuta Benjamin Franklin.

Katika miaka ya 1740, Franklin alikuwa mpiga chapa mjini Philadelphia aliyeanza kucheza na umeme kama wengine wanavyocheza drafti. Wataalamu wengi wa Ulaya walidhani kuna umeme wa aina mbili. Yeye akasema ni kitu kimoja tu: kikizidi katika kitu fulani tuseme kuna chanya, kikipungua tuseme kuna hasi. Maneno hayo ni yake. Hata "betri" tulilipata kwake, maana aliita hivyo safu ya chupa za kuhifadhi umeme, kama safu ya mizinga. Ila hakuwa na njia ya kujua ni upande gani hasa ulio na ziada. Akachagua. Mwaka wa 1897 J. J. Thomson alipogundua elektroni, kumbe kile kinachotembea kwenye waya kina chaji ile ambayo mpangilio wa Franklin unaiita hasi. Wakati huo vitabu na kanuni zilikuwa zimeshaandikwa. Na kwa kuwa hesabu zinatoka sawa hata mshale ukielekea wapi, mshale ukaachwa ulipo, na maelezo yakawekwa chini yake kwa herufi ndogo.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda huyu mzee, na muda si mrefu nikaanza kumkasirikia pia. Nataka kueleza yote mawili, kwa sababu naona tunafunzwa Franklin kwa namna inayotunyima kitu chake cha maana kuliko vyote.

Tuseme ukweli, wengi wetu tumekutana naye vipande vipande. Kuna Franklin wa tiara na ufunguo, anayesimama kwenye mvua akingoja radi. Kuna Franklin wa noti ya dola 100, ambaye wengine tunamjua kwa sura kuliko tunavyowajua wajomba zetu. Halafu kuna Franklin wa video za motisha: aliacha shule akiwa na miaka kumi, akajifunza mwenyewe, akawa tajiri, kwa hivyo na wewe amka saa kumi na moja. Hiyo ya kuacha shule nimeshatumiwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Watu huituma kwa nia njema.

Kwa mwanafunzi, mwanasayansi huyo na mwanasiasa huyo ni kama watu wawili waliogongana jina. Mmoja anatokea kwenye fizikia, mwingine kwenye historia, akitia sahihi Azimio la Uhuru la 1776, mkataba na Ufaransa wa 1778, mkataba wa amani na Uingereza wa 1783 na Katiba ya 1787. Mtu pekee aliyetia sahihi zote nne. Orodha hiyo inafaa kwa mtihani, ila haisemi chochote kuhusu namna kichwa kilekile kilivyofanya kazi zote hizo.

Nikaamua kusoma tawasifu yake. Haina hakimiliki tena, kwa hivyo ukiwa na bando kidogo unaisoma bure. Aliianza 1771 akiwa na miaka 65, akikaa kwa rafiki yake kule Twyford, Uingereza, kama barua kwa mwanawe William. Akaiendeleza Ufaransa mwaka wa 1784, kisha Philadelphia miaka yake ya mwisho. Alikufa kabla hajaimaliza.

Jambo la kwanza linalokupiga ni kwamba zile picha mbili tulizofunzwa hazimo. Mapinduzi ya Marekani hayamo kabisa, kwani hadithi inakatikia London mwishoni mwa miaka ya 1750, Franklin akiwa bado raia mtiifu wa mfalme. Na ile tiara? Anaitaja kwa kupita tu, kwamba alifanya jaribio hilo na akafurahi sana, wanaotaka zaidi wakasome kwingine. Hata taarifa aliyochapisha gazetini mwake Oktoba 1752 inaeleza namna ya kulifanya jaribio bila kusema kwamba yeye ndiye aliyelifanya. Simulizi kamili ililetwa na Joseph Priestley mwaka wa 1767. Mvulana mdogo unayemwona kando yake katika ule mchoro maarufu wa Currier & Ives wa 1876 ni William, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 21. Na radi haikuipiga tiara. Ingeipiga, pengine tusingekuwa na Franklin wa kumzungumzia: mwaka uliofuata, Georg Richmann aliuawa na radi mjini St. Petersburg akifanya utafiti wa aina hiyohiyo.

Sasa, kama tiara haimo na mapinduzi hayamo, kitabu kina nini? Kina kijana wa mtaani. Anawasili Philadelphia 1723 akiwa na miaka 17, mchafu, mifuko imejaa mashati na soksi, anakata mtaa akila mkate mkubwa huku mingine miwili ameibana kwapani, na msichana aliyesimama mlangoni kwao anamwona na kumcheka. Msichana huyo ndiye atakayekuwa mkewe. Kina mzaha mwingi. Kuna mahali anasimulia alivyokuwa ameapa kutokula nyama wala samaki, kwa kuwa samaki hawajamkosea mtu. Halafu akiwa safarini baharini, samaki wakakaangwa, harufu ikamjia vizuri. Akakumbuka kwamba samaki wakubwa wanapopasuliwa, tumboni mna samaki wadogo. Basi, akajiambia, kama nyinyi mnalana, kwa nini mimi nisiwale? Akala. Na anamalizia kwa kutucheka sote: raha ya kuwa kiumbe mwenye akili ni kwamba hukosi kamwe sababu ya kufanya unachotaka.

Sikumbuki kusoma maelezo mafupi na makali zaidi ya jinsi tunavyojidanganya. Naomba umshike huyo kijana wa samaki, tutamhitaji tena.

Kitu cha pili kitabu hiki kinacho ni errata. Hilo ni neno la wapiga chapa, orodha ya makosa ambayo huwekwa kitabuni baada ya kurasa kuchapwa. Franklin anaomba kuyatazama maisha yake hivyo, na kila anapofika penye aibu anaweka alama: hapa nilikosea. Alimtoroka kaka yake James kabla mkataba wa uanagenzi haujaisha. Alitumia pesa za mtu alizopewa azihifadhi. Alikwenda London akamsahau yule msichana wa mlangoni. Na kila kosa, baadaye, anatuonyesha namna alivyolirekebisha: pesa akarudisha, msichana akamwoa, mtoto wa kaka yake akamlea na kumfunza kazi.

Ninavyoona mimi, hapo ndipo mwanasayansi na mwanasiasa wanapokutana. Wote wawili ni mpiga chapa. Huandika, huchapa, huisoma tena kazi yake, hukuta kosa, hulitangaza na kulirekebisha. Kwenye umeme alifanya hivyo kwa barua zilizokuwa zikisomwa Ulaya nzima. Kwenye siasa, ndiye mtu aliyeanza kama mtetezi wa himaya ya Uingereza na kumaliza kama mmoja wa walioivunja, bila kujifanya kwamba hakuwahi kuwa upande wa pili.

Lakini soma orodha ya makosa kwa makini kama msoma prufu, halafu uulize kilichokosekana.

Franklin alimiliki watu. Alipokwenda London 1757 alifuatana na watumwa wawili, Peter na King, mmoja wake na mwingine wa William. Tawasifu inasimulia safari hiyo, ila wao haiwataji. Gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapisha matangazo ya kuuza watumwa na matangazo ya kuwasaka waliotoroka. Hebu fikiria: kijana aliyemtoroka bwana wake akiwa na miaka 17, na anayetusimulia kutoroka kwake kwa ucheshi mtamu, aliendelea kuvuna pesa kwa matangazo ya kuwasaka watoro. Wakati huohuo kiwanda chake kilichapa vitabu vya Ralph Sandiford na Benjamin Lay vya kupinga utumwa. Ni yule kijana wa samaki. Sababu haikukosekana.

King naye akatoroka huko Uingereza. Mwaka wa 1760 Franklin alimwandikia mkewe Deborah kwamba kijana amepatikana mashambani kwa bibi mmoja aliyemtia shule akajifunza kusoma na kuandika, na hata kupiga fidla na pembe ya Kifaransa. Anaiandika kama habari za nyumbani. Mimi hapo niliweka simu chini kidogo. King aliacha kazi ya bwana wake, akasoma, akajifunza ufundi wa mikono yake. Ukiondoa jina, hiyo ndiyo hadithi ya Franklin mwenyewe. Mmoja alipata kitabu kinachosomwa hadi leo, mwingine akapata mistari michache katika barua ya mtu mwingine.

Sasa njoo kwenye tukio ambalo, kama ningekuwa na darasa, ndilo ningeanza nalo badala ya tiara.

Mwaka wa 1751 Franklin aliandika insha kuhusu ongezeko la watu, ikachapishwa 1755. Ni insha ya kisayansi kweli, yenye hesabu za ndoa, ardhi na uzazi. Katikati yake, akipiga gharama za kumiliki mtumwa, anasema karibu kila mtumwa ni mwizi kwa maumbile yake. Analitupa hivyo tu, kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Desemba 1763 alitembelea shule ya watoto weusi mjini Philadelphia. Shule hiyo ilifunguliwa 1758 na shirika la kidini la Uingereza ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelishauri. Mkewe Deborah alikuwa ameshafika kuwasikiliza watoto hao miaka minne kabla. Sasa akakaa yeye, watoto wakaulizwa maswali mbele yake. Akarudi nyumbani na kuandika barua: ameanza kuwa na fikra za juu zaidi kuhusu vipawa vya watu weusi, akili zao ni nyepesi na kumbukumbu zao ni imara sawa na za watoto wazungu. Na anaongeza, kwa maneno yake, kwamba hatajaribu kuitetea chuki aliyokuwa nayo kabla.

Mwaka wa 1769 insha ile ya 1751 ikachapishwa tena. Lile neno la wizi limebadilishwa. Sasa halisemi tena kwamba mtumwa ni mwizi kwa maumbile yake, linasema ni kutokana na maumbile ya utumwa wenyewe. Ni maneno machache tu, lakini lawama yote imehama kutoka kwa mtu aliyetumikishwa hadi kwa mfumo uliomtumikisha. Na unajua insha hiyo ilichapishwa wapi? Ndani ya toleo la nne la kitabu chake cha umeme. Mwanasayansi na mwanasiasa tunaowafunza katika madarasa tofauti wamekaa kwenye jalada moja.

Sitaki tulishangilie sahihisho hilo haraka hivyo. Kwanza, wale watoto. Walikuja darasani kujifunza kusoma na katekisimu, kumbe siku hiyo walikuwa wakifanya mtihani wa kuthibitisha kwamba wana akili. Hakuna aliyewaambia. Je, kama mmoja wao angekuwa anaumwa na tumbo siku hiyo, akasahau majibu? Kuna mtihani ambao kuukalia tu ni tusi, hata ukipata alama zote. Pili, sahihisho lilifanyika kwenye karatasi. Baada ya barua ile Franklin hakukimbia nyumbani kumwacha mtu huru. Ilifika 1787 ndipo alipokuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na mwaka huohuo alitia sahihi Katiba iliyohesabu watumwa watano kama watu watatu ili mabwana zao wapate viti zaidi bungeni. Siasa za maelewano, alikuwa fundi wazo. Waliolipa gharama ya maelewano hayo hawakuwa chumbani.

Na bado mzee hakunyamaza. Februari 1790, akiwa na miaka 84 na mgonjwa, alitia sahihi ombi la chama hicho kwa Bunge kwamba utumwa ukomeshwe. Wabunge wa kusini walikasirika, James Jackson wa Georgia akitoa hotuba ya kuutetea. Mwezi Machi Franklin akajibu gazetini kwa dhihaka: akabuni kiongozi wa Algiers wa miaka mia moja iliyopita, Sidi Mehemet Ibrahim, anayetetea haki ya kuwafanya Wakristo wa Ulaya watumwa. Nani atalima mashamba yetu katika jua hili? Tukiwaachilia wataishije? Si wako salama zaidi huku kwetu? Ni hoja za Jackson, zimevishwa kilemba tu. Inachekesha bado, na inauma bado. Ila ukiisoma mara ya pili unagundua kwamba ili msomaji wake aone ubaya wa utumwa, ilibidi amchoree mtumwa mzungu. Mwafrika haongei humo pia. Franklin alikufa tarehe 17 Aprili 1790, chini ya mwezi mmoja baadaye.

Najua pingamizi la mwalimu. Vijana hawa hawana muda, silabasi ni ndefu, na ukianza na makosa ya shujaa watamtupa shujaa mzima. Pengine. Lakini naona njia mbili tunazotumia sasa ndizo zinazomtupa. Ukimfundisha kama sanamu, kijana akija kugundua habari za Peter na King mtandaoni saa sita usiku, atahisi mlimdanganya, na atakuwa sahihi. Ukimfundisha kama mnafiki tu, umemnyima nafasi ya kuona akili ikibadilika hatua kwa hatua, polepole mno, mbele ya macho yake.

Kumbe kazi yenyewe inaingia katika kipindi kimoja. Karatasi tatu: sentensi ya 1755, barua ya 1763, sentensi ya 1769. Waulize wanafunzi kilichobadilika ni nini, nani alikifanya kibadilike, na kitu gani bado hakijabadilika hata baada ya sahihisho. Kisha wape ukurasa wa tawasifu wenye errata, wauandikie nyongeza. Hapo umefundisha sayansi, historia na fasihi bila kumwacha hata mmoja alale.

Tawasifu ni kitabu kizuri, nakipendekeza, na ninasema hivyo nikijua kina shimo katikati. Shimo lenyewe ni sehemu ya somo. Hata yule William aliyeandikiwa barua ndefu hivyo aliishia upande wa mfalme, akafungwa, na baba yake hakumsamehe. Mtu aliyejua kusahihisha kila kitu kwenye chapa alishindwa kusahihisha hilo, na sehemu zilizofuata za kitabu hazimwandikii tena mwana yeyote.

Nilirudi kwa binamu yangu na jibu. Nikamwambia mshale haukugeuzwa kwa sababu hesabu hazidhuriki. Akafikiri kidogo, akasema basi sawa, huo wanaweza kuuacha. Kisha akaniuliza kama kuna makosa mengine ambayo yameachwa hivyohivyo, lakini yanamdhuru mtu. Nikamsomea ile habari ya King. Akachukua penseli, na pembeni ya kitabu cha fizikia, chini ya mshale, akaandika jina hilo.